Paka Niliyemtegea Panya

Juzi mjukuu wangu Rukia alichemsha vichwa vya perege kwenye sufuria ndogo, bila chumvi, bila kitunguu, bila chochote, na harufu ile ikanifuata mpaka barazani nilikokuwa nimekaa nikichambua mchicha. Si harufu ya kupendeza, sitadanganya. Ina utope wa mtoni ndani yake, na ukali wa mafuta ya samaki unaoganda puani. Lakini nilifumba macho nikaivuta mpaka kifua kikajaa. Rukia akachungulia mlangoni akaniuliza, "Bibi, inakukera?" Nikamwambia hapana, inanikumbusha mwenzangu mmoja wa zamani. Sikumwambia kwamba mwenzangu huyo alikuwa na mkia.

Alikuwa paka. Nilimlea nikiwa na umri wa miaka tisa hivi, nikamlisha kwa akili yangu mwenyewe, na kwa kumlisha huko nikaishinda nyumba nzima, Bibi yangu akiwa wa kwanza. Nyumbani wameshachoka kunisikia nikijisifia habari hii, kwa hiyo nakusimulia wewe.

Tulikaa Kwedizinga, upande wa Handeni, zama za Mdachi. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, na jikoni, juu ya mafiga, palikuwa na dari la miti ambapo mahindi ya mbegu yalitundikwa kwa maganda yake, mawili mawili, ili moshi uyapitie usiku na mchana. Jikoni kwetu palinukia moshi, masizi na mahindi makavu, na mpaka leo nikisikia harufu hiyo najiona mdogo. Tulikuwa watu saba: Baba, Mama, Baba mdogo Ramadhani ambaye alikuwa bado hajaoa, mimi, wadogo zangu wawili, na Bibi, mama yake Baba. Chungu kilikuwa cha Mama, lakini amri ya dari ilikuwa ya Bibi. Hakuna aliyeshusha hindi hata moja bila yeye kujua.

Hakuna, isipokuwa panya.

Panya wa kwetu walikuwa na ujuzi wa kuudhi. Hawakula punje nzima. Walitoboa pale penye kiini, wakala kile kipande laini, wakaiacha punje kwenye gunzi kana kwamba haikuguswa. Ukitazama kwa haraka utaona hindi zima. Ukilipanda, halioti. Mwaka mmoja tulifukia mbegu za namna hiyo bila kujua, masika yakaja, na shamba letu likaota mabaka mabaka kama kichwa cha mtoto mwenye mapunye. Nakumbuka Bibi akitembea kati ya matuta, akifukua shimo moja baada ya jingine kwa kidole, akitoa punje iliyooza na kuitazama. Mwaka ule tulikula muhogo mpaka nikauchukia.

Baba akasema tukatafute paka. Dada yake, Shangazi Mwanjaa, alikuwa ameolewa Korogwe, karibu na mto Ruvu, ndio huo Pangani, na paka wake alikuwa amezaa. Baba akakubali kunichukua, nami nikatembea kwa madaha kama niliyeitwa bomani. Siku ya kwanza tulilala Segera, ambapo wakati ule palikuwa njia panda ya miguu na mama mmoja anayechoma mihogo. Siku ya pili tulifika Korogwe. Hapo nilisikia gari moshi kwa mara ya kwanza, nikajificha nyuma ya Baba nikaing'ang'ania shuka yake mpaka nusura imvuke mbele za watu.

Kwa Shangazi palinuka samaki kila mahali, kwenye kuta, kwenye mikeka, hata kwenye nywele zake. Mume wake alitega samaki mtoni, na paka wao walikuwa wanene, manyoya yanang'aa. Nikachagua mmoja wa kijivu mwenye shingo nyeupe. Shangazi akanikalisha kwenye kigoda akanishika mkono, akaukunja ukawa ngumi.

"Tazama, mwanangu. Tumbo lake ni kama ngumi hii. Kwa hiyo mpe kidogo, lakini mara nyingi. Kinachomkuza ni nyama na samaki, ugali ni wa kusindikizia tu. Chumvi usimpe. Mifupa itoe. Maziwa usimzoeshe, atahara. Na maji yawepo siku zote. Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Haya, niambie nilivyosema."

Nikamwambia yote, sikukosea hata moja. Akanifungia vichwa vya samaki vilivyobanikwa katika jani la mgomba, na paka akatiwa ndani ya kikapu chenye kifuniko, maana kwetu paka hahamishwi huku anaona njia. Akiiona, atairudia. Pale Segera, Baba alisimama katikati ya njia panda akazunguka na kikapu mara tatu ili paka apotewe na njia kabisa, kisha yeye mwenyewe akashika njia isiyo yenyewe. Yule mama wa mihogo ndiye aliyetuita tukarudi.

Tulipofika nyumbani, Bibi alimpokea paka kwa kumpaka jivu la mafiga kwenye nyayo zote nne, ajue jiko lake ni lipi. Kisha akamtua chini akasema, "Huyu hakuletwa kula. Ameletwa kukamata. Msimshibishe, akishiba atalala."

Usimcheke Bibi yangu. Kijiji kizima kiliamini hivyo. Paka alinyimwa chakula ili awe mkali, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini huyu wetu alikuwa kitoto. Hata panzi akiruka mbele yake, alikimbilia nyuma ya mtungi. Alichoweza ni kulia tu. Alilia asubuhi, akalia mchana, akamfuata kila mtu miguuni, akaingia chumba hadi chumba akinusa. Baba mdogo Ramadhani, ambaye hakuwa na kazi nyingine ila kutania watu, akampa jina la Karani. Alisema anamkumbusha karani wa akida: ana kola nyeupe, anakagua kila nyumba, na popote anapoingia anataka kula.

Basi nikaanza kumlisha kwa siri, nikaanza vibaya.

Siku hiyo kitoweo kilikuwa ng'onda, samaki mkavu wa pwani aliyeletwa na wachuuzi kutoka Pangani. Shangazi alisema chumvi usimpe. Lakini mimi nilijiambia kwamba ng'onda si chumvi, ng'onda ni samaki, na samaki ameruhusiwa. Nikamega kipande changu nikampa. Karani alikula kwa furaha, kisha akaenda kwenye maji, akanywa, akanywa, akanywa, tumbo likawa kibuyu, halafu akatapika yote mlangoni. Baada ya siku mbili, mama mmoja wa Kikwavi, wale wafugaji wa ng'ombe, alipita na vibuyu vya maziwa, akanionea huruma akanimiminia kidogo kwenye kifuu. Maziwa nayo yalikuwa yamekatazwa. Ila nilipoyatazama yalivyo meupe na safi, nikaona kitu kama hicho hakiwezi kumdhuru mtu. Karani alihara. Na katika nyumba yote ile, yenye uwanja, na jalala, na kichaka nyuma yake, alichagua kuharia mkeka wa Bibi wa kuswalia.

Nilifua mkeka ule mpaka vidole vikachubuka.

Baada ya hapo nikashika maneno ya Shangazi bila kuyatafsiri. Nilikuwa nampa fungu langu. Kwetu kitoweo kiligawiwa kwa mafungu, kila mtu chake, na ukishakabidhiwa fungu lako hakuna anayekuuliza. Nilikuwa nala ugali na mchuzi, kipande changu nakificha kiganjani, nakwenda nacho nyuma ya nyumba. Nilidhani nina akili sana. Lakini watoto wa kike wa siku zile tulivaa shanga kiunoni, na asubuhi moja, Mama akinisaidia kuoga, shanga zangu ziliteleza zikashuka mpaka magotini. Mama akazishika. Akazipandisha, zikashuka tena. Akanitazama usoni.

Huenda siri yangu ingeendelea kama Karani mwenyewe asingejiponza. Njaa yake ilikuwa inakua haraka kuliko yeye. Siku moja mchana, Bibi alipogeuka kuchukua kata ya maji, Karani alirukia bakuli lake akabeba kipande cha kambale, kikubwa kuliko kichwa chake, akatoka nacho huku akinguruma. Baba mdogo alicheka mpaka akapaliwa. Bibi hakucheka. Aliniita nikapiga magoti mbele yake.

"Mwanaidi, nisikilize vizuri. Kwenye chungu hiki kuna mafungu saba, ya watu saba. La nane halipo. Na fungu lako ni la tumbo lako, nimesikia habari za shanga. Ukitaka kumlisha, mlishe kwa kitu kisichotoka katika chungu hiki. Na siku nitakayokuta hindi moja tu la mbegu limetafunwa, Ramadhani atamtia kikapuni akamwache porini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

Nilielewa, ndiyo maana nililia. Porini kulikuwa na fisi na chui, na Karani alikuwa anaogopa panzi. Na mahindi yale yangekaa juu ya dari miezi kadhaa, mpaka masika.

Kesho yake nilikwenda shambani na Mama. Mama alikuwa mkwe katika nyumba ile, na mkwe wa siku zile hakumjibu mama mkwe wake, hata kwa macho. Tulilima. Jua lilipokuwa kali akaweka jembe chini, akachuchumaa penye mabua makavu ya mwaka uliopita, akapangua nyasi kwa vidole. Akanionyesha kijia chembamba, kimekanyagwa kikalainika, kinapita chini ya mabua.

"Unaona? Hiyo ni barabara yao. Nitafutie jiwe bapa."

Nikamletea jiwe. Akavunja vijiti vitatu, akavichonga ncha kwa jembe, akavisimamisha vikaegemeana, akaweka jiwe juu yake limeinama, na kwenye kijiti cha ndani akachomeka karanga aliyoitoa kwenye pindo la kaniki yake. Inaonekana alikuja nayo makusudi. Mikono yake ilikwenda haraka bila kubabaika, nami nikamtazama kama namwona leo. Mama yangu, aliyekuwa hapandishi sauti nyumbani, alikuwa mtegaji. Kwao, alisema, alizaliwa wa kike peke yake kati ya kaka wanne, na kwa panya alikuwa anawashinda wote.

"Lakini kutega ni kazi ya wavulana," nikasema.

"Ndivyo wanavyosema. Na bibi yako asijue ni nani aliyekufundisha."

Mtego wa pili niliutega mwenyewe, na asubuhi iliyofuata kulikuwa na panya wawili chini ya mawe mawili. Nikambebea Karani mbio, na tangu siku ile maisha yake yakabadilika, na yangu pia.

Kijiji kizima kikapata cha kuchekea. Hebu fikiria: paka ameletwa kutoka Korogwe, mwendo wa siku mbili, ili akamate panya, na sasa mtoto wa nyumba anaamka alfajiri kumkamatia paka panya. Kisimani wanawake waliniona tu, wakaweka mitungi chini. "Mwanaidi, leo umepata wangapi?" Mwingine akadakia, "Na paka naye je, ndiye anayekutwangia mahindi?" Baba mdogo akaanza kunipigia yowe la "nyau" kila nikipita. Nilivimba kwa hasira, lakini sikuacha. Nilikuwa na tumbo la ukubwa wa ngumi la kujaza, na ngumi yenyewe ilikuwa inapanuka kila wiki.

Nikajifunza kutotupa kitu. Asubuhi, panya wa shamba. Mchana, panzi niliowafuma kwenye mabua na kuwakata miguu ya miba isimkwame kooni. Jirani akichinja kuku, nilikuwa nimeshasimama pale na jani la mgomba kabla manyoya hayajang'oka, naomba utumbo na miguu. Mtu yeyote aliyekuwa anatoka Korogwe alijua kuwa mzigo wangu upo: vichwa vya samaki kutoka kwa Shangazi. Nilivichemsha kwenye kigae nje ya nyumba, bila chumvi, nikachambua mifupa mmoja mmoja, kisha nikaukanda mchuzi ule na kikonzi cha makoko ya ugali ambayo hata kuku walikuwa wameyakataa, ili shibe iende mbali. Vuli iliponyesha, kumbikumbi wakafumka, nikawakusanya kwa ungo, nikawakaanga bila chochote, nikaweka akiba. Sikugusa chungu cha Bibi hata kwa kulamba kidole. Fungu langu nililila mbele ya macho yake, natafuna polepole, aone.

Shanga zangu zikakaa mahali pake. Manyoya ya Karani yakaanza kung'aa.

Kisha siku moja jiwe liliangukia kisiki, likabaki limeinama, na panya niliyemkuta alikuwa mzima, amebanwa mkia tu. Nilimfunga kamba nikampeleka hivyo hivyo. Karani alipomwona anatembea alivimba mkia akarudi nyuma ya mtungi wake. Hakuwa anajua kwamba chakula kina miguu. Akachungulia. Akatoa mkono mmoja, akamgusa, akaurudisha kama aliyeungua. Nilicheka mpaka machozi. Ilipofika mchana alikuwa anamkimbiza uwanja mzima, na mwisho akamshika.

Mchezo ule ulinipendeza mno, nikataka uendelee. Nikachukua chungu kibovu, nikakifukia shambani mdomo ukawa sawa na ardhi, nikatia chenga za mahindi chini. Panya alikuwa anaingia na hawezi kupanda kutoka. Kila nilipopata mzima, nilimfungulia uwanjani, wa kwanza na kamba, wa pili na kamba ndefu zaidi, wa tatu bila kamba. Sikuwa namfundisha, nasema kweli. Nilikuwa nacheza.

Vuli ikapita, jua likawaka, na mahindi juu ya dari yakawa salama. Au sisi tuliona ni salama. Karani alikuwa sasa mkubwa, mrefu, kola yake nyeupe kabisa, lakini ndani ya nyumba hakuwa amekamata kitu isipokuwa mjusi mmoja. Bibi alikuwa anamtazama na kutikisa kichwa. Kisha ikafika asubuhi ambayo mvua ya kwanza ya masika ilipiga, harufu ya udongo ikajaa nyumbani, na Bibi akapanda ngazi kuzikagua mbegu. Akashuka na hindi moja mkononi akalinyoosha mbele ya watu wote. Punje za safu mbili zilikuwa zimetobolewa kiini.

"Ramadhani, leta kikapu."

Kilikuwa kikapu kile kile cha Korogwe. Baba akatazama chini. Mama akatazama moto. Hata Baba mdogo hakutania. Nikaomba jambo moja tu, niruhusiwe kumlisha kwanza. Bibi akasema, "Mlishe." Nilikwenda nje, ambapo jua lilikuwa limetoka na kumbikumbi walikuwa wanafumka kwa maelfu, nikamkusanyia, nikamletea na panya wa asubuhi, nikamletea na kichwa cha samaki wa akiba, na safari hii sikupima kwa ngumi. Niliona kama anakwenda kufia porini, basi asiende na njaa. Karani alikula mpaka akawa anahema. Alirudi jikoni tumbo linayumba, akalala mbele ya mafiga.

"Tazameni tumbo lile," Bibi akasema. "Sasa panya gani atamwogopa huyo?" Akapanda tena ngazi kuyashusha mahindi yote, kwa kuwa hakuliamini tena dari. Akashika fundo la kwanza akalitikisa.

Kutoka nyuma ya fundo akaruka panya mkubwa kama ngumi mbili za mtu mzima.

Sikumwona Karani akiinuka. Niliona mahali alipokuwa amelala pako wazi, kisha nikasikia dari linalia, masizi yakamwagika, mahindi yakayumba, Bibi akapiga kelele "Yallah!" na kitu kikaanguka kutoka juu moja kwa moja ndani ya ungo wa unga aliokuwa anapepeta Mama. Lilikuwa wingu jeupe lenye kucha. Unga ulipotua, Karani alikuwa amesimama katikati, mweupe mwili mzima, na yule jitu kinywani mwake ananing'inia.

Alimweka chini ya ngazi aliyosimama Bibi. Hakumla. Akageuka, akapanda tena ngazi ambayo Bibi bado alikuwa ameishikilia, akapita begani mwake, akaingia gizani kati ya mahindi. Akarudi na wa pili. Akarudi na wa tatu. Nyuma kabisa, chini ya nyasi za paa, alikuta kiota kizima, na akawa anashuka na kupanda, anashuka na kupanda, mpaka chini ya ngazi kukawa na safu ya panya tisa. Hakutafuna hata sikio la mmoja.

Aliyesema kwanza alikuwa Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akisema kwanza. Alisema kwa sauti ndogo, macho yake kwenye unga, "Angekuwa na njaa, angemla wa kwanza akatosheka."

Bibi alimtazama Mama, akautazama mtego wa vijiti vitatu niliouacha mlangoni, akaitazama mikono ya Mama. Naamini alijua yote palepale. Kisha akashuka ngazi, akajipangusa masizi.

"Ramadhani, rudisha kikapu mahali pake."

Nilipiga vigelegele, mtoto mdogo mimi, vigelegele vya mtu mzima. Nilimnyanyua Karani nikakimbia naye nje, unga unatupukutika sote wawili, nikapita kisimani makusudi. Nilipaza sauti nikawaambia wale wanawake, "Tisa! Anayetwanga mahindi amekamata tisa!" Sikuwa nimewahi kuonja utamu wa namna ile.

Mwaka ule kila shimo liliota. Bibi alinishika mkono tukapita kati ya matuta, yeye akihesabu kwa midomo, na tulipofika mwisho hakukuwa na shimo la kufukua. Jioni ile Baba alichinja jogoo. Tulikuwa tumekaa, jua bado linaonekana, Mama akagawa, na Bibi akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa jirani, "Na Karani apewe fungu lake." Kipande kizuri cha nyama kikawekwa mbele ya paka, juu ya kifuniko cha chungu. Baba mdogo akasimama akakipigia saluti kama askari wa boma. Nilimtazama paka wangu akila kitoweo cha chungu kile kile kilichokataa kumpa, nikajiona nimeishinda dunia.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Korogwe kumzika mume wa Shangazi, nikamsimulia Shangazi habari ile. Akaniambia kwamba paka jike huwaletea watoto wake panya wazima, mmoja mmoja, hata wakajua kukamata, na kwamba mimi nilikuwa nimefanya kazi ya mama yake Karani bila kuambiwa. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa maradufu.

Lakini kuna jambo jingine, na hili hakuna aliyeniambia. Nililifahamu mwenyewe, nikiwa nimeshaolewa, siku nilipokuwa nagawa kuku wa watu wangu, na mgeni akaingia mlangoni. Nilisimama na upawa mkononi nikayatazama mafungu, nikatafuta la kumpa. Hapo ndipo jioni ile ilinirudia, yote, hata mahali kila mtu alipokaa. Nikakumbuka kwamba Mama alimkata jogoo vipande saba, kama siku zote. Tulikuwa watu saba. Na Karani alikula.

Nikakumbuka na Bibi, akilisogeza bakuli lake lenye mchuzi mtupu karibu na magoti yake, akichovya ugali, akisema leo meno yake hayataki nyama. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Sikumtazama, nilikuwa namtazama paka.

Bibi alikuwa amekua katika njaa moja ya zamani, ambayo wakubwa waliitaja kwa sauti ya chini, ambamo watu walikula mbegu zao kisha hawakuwa na cha kupanda. Hakumnyima Karani kwa uchoyo. Alijua tu kitu ambacho mimi na mitego yangu tulikuwa hatukijui, kwamba fungu la nane lazima litoke kwenye bakuli la mtu. Na siku alipoona kwamba nimeshinda, alikubali litoke kwenye lake, na hakutaka mtoto aliyeshinda ajue.

Jana mchana Rukia alipakua samaki. Kitoto chake cha paka kilikuwa kinalia miguuni petu, kimemaliza vichwa vyake na bado kinataka. Nikalisukuma bakuli langu upande wake, nikamwambia mjukuu wangu kwamba leo meno yangu hayataki samaki.

Akacheka, akampa paka, wala hakunitazama.